Oka na Hoka

Wakongo ni jirani zangu na nawapenda, lakini kwa majina wana lao jambo. Utamkuta mtoto anaitwa Gradi. Ukiuliza Gradi ndiyo nini, utaambiwa ni Grâce Divine, neema ya Mungu, imekatwa huku na huku ikabaki hivyo. Kwa hiyo Célestine aliponiambia bintiye anaitwa Oka sikujisumbua kuuliza. Nilidhani ni maneno mawili ya Kifaransa yaliyogongana njiani. Nilimwita Oka, akaitika, yakaisha.

Mie na Célestine tunauza bega kwa bega hapa La Rochelle, mtaa wa Jozi huku kusini mwa Afrika, chini ya ukuta wa jengo la vyumba vya kupanga, mahali ambapo jua la asubuhi hufika kabla ya kwingine. Yeye katoka Likasi. Anauza sombe, yaani kisamvu, na ndakala, vile vidagaa vikavu ambavyo harufu yake huvuka roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, hata zikiwa nyekundu. Mie natoka Unguja, naitwa Duni, nauza soksi na kofia za baridi. Nina ulimi, najua, sihitaji kuambiwa. Tena nina kasoro nyingine: jua la Julai likinipiga usoni husinzia nimekaa, macho wazi, na ninachokiona hapo sijui nikiite ndoto au nikiite mtaa. Husikia farasi wa Turffontein wakikimbia, na uwanja wenyewe uko mbali, hausikiki hapa hata siku ya mashindano. Husikia watu wakiitana kwa Kireno, kwa Kizulu, kwa Kilingala, na maneno yao nayaona yanatembea barabarani yenyewe, bila watu. Mteja akija Célestine hunifinya mkono.

"Duni, rudia."

Nami hurudi, nikauza soksi.

Siku moja ya Julai hiyo Oka alikuja kutoka shule, sare mwilini, akageuza kreti akakaa kati yetu. Ni msichana mrefu, mpole, anayekisikia Kiswahili chote lakini akikisema hukikanyaga vidole. Kanisani kwao alikuwa katika darasa la ubatizo. Pasta Théodore alikuwa amewaambia kila mmoja aje na asili ya jina lake, kwa sababu katika kanisa lile mtu anaweza kuingia majini na jina moja akatoka na lingine, akitaka.

"Mama, jina yangu ilitoka wapi?"

"Ni wokovu," Célestine alijibu, anafunga sombe. Ndivyo alivyomjibu siku zote.

"Si ile ya kifupi. Ile yote."

Célestine akaweka sombe chini. Akafuta mikono kwenye kitenge, polepole, na mimi niliyekuwa naanza kusinzia nikaacha, maana uso wake ulirudi usichanani.

"Nilikuwa na mimba yako," alisema. "Nilifikaka hapa mupya, Kizungu sijue hata kimoja. Nilikaaka palepale, beseni mbele yangu. Maumivu ikanikamata, nikaanguka. Bantu bakapita. Bengine bakasimama, bakaangalia. Kisha mama moja Mureno, muzee, wa pale juu, akafungua dirisha. Akaniona. Akashika telefone, akalalamika ndani: oka! oka! Gari ya bagonjwa ikafika, kijana akashuka mbio, anauliza: oka iko wapi? Bakaninyanyua. Njia yote banaambiana, oka, oka. Ku hopitali mulango ikafunguka, infirmière, ule nesi, anauliza, banamujibu: oka. Njo nikajua, haba bantu banaomba. Banataka kusema Mungu amuokoe, lakini Kiswahili yabo ni ya nusu. Ukazaliwa. Infirmière akaniuliza kwa mikono, jina ya mutoto? Nikamwambia, ile yenye munasema tangu asubuhi."

Alicheka. Mimi machozi yalikuwa karibu, na mie si mtu wa machozi ya bure.

Oka hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake kama mtu anayesikia maji yanamwagika chumba cha pili.

"Mama, hawakusema okoa."

"Balisema oka."

"Walisema hawker."

Neno hilo Jozi yote inalijua. Ni la Kiingereza, na ukilisikia kwa sikio letu ni hoka: mtu anayeuza vitu barabarani. Mimi ni hoka, Célestine ni hoka, yule wa ndizi pale kwenye kona ni hoka. Gari la askari wa jiji likipita polepole ndilo neno linalotoka dirishani.

Célestine alipunga mkono. "Aa, ile ni hoka. Hoka naijua, nasikiaka hoka kila siku." Akagusa koo lake. "Ile inatoka hapa, iko na hasira ndani. Yako ilikuwa na huruma. Haiwezi kuwa neno moja."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Mwanamke amekaa miaka yote hii na maneno mawili, moja la kumfukuza na moja la kumwokoa, na hakuwahi kuyakutanisha. Au aliyakutanisha siku moja, akayatenganisha haraka kabla hayajasalimiana. Sijui. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuthubutu kuliuliza.

"Ni moja, Mama," Oka alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Yule bibi alikuwa anawaambia kuna hawker ameanguka. Yule kijana aliuliza hawker yuko wapi. Basi. Jina yangu waliuliza. Yako waliuliza?"

Célestine akaokota sombe, akaanza kuifunga upya.

"Hakuna mtu aliuliza. Ndiyo maana walikuita hiyo. Na wewe ukachukua, ukanipa mimi." Akasimama, akapangusa sketi. "Nitachukua Chloé. Nikitoka kwa maji nitakuwa Chloé."

Akaenda zake nyumbani. Mteja akaja, akataka ndakala. Célestine alimpimia, akasahau kumfungia, akampa mkononi hivyohivyo, na mteja akabaki anashangaa na vidagaa vyake.

Ningekuwa mama wa mtu ningemkimbiza yule msichana na kofi moja. Lakini sina mtoto, na asiye na mwana, ule usemi mnaujua, aeleke jiwe. Nikaeleka jiwe langu nikapanga soksi.

Kumbe Oka naye alikuwa hajamaliza. Jeraha likiwasha mtu hulikuna. Kila alasiri alikuja, akakaa kwenye kreti, akafungua simu, akalitafuta lile neno. Alituletea alichokipata kama paka anayeleta panya mlangoni.

"Auntie Duni, hawk pia ni kutoa kohozi. Kuikwangua kwa koo."

"Astaghfirullah," nikasema. Na jua lilikuwa zuri siku ile, nikasinzia, nikaona mtaa mzima kuanzia roboti hadi kanisani watu wamesimama wanakohoa, wanakohoa, na kila kohozi likianguka linasimama na kuwa mwanamke mwenye beseni. Niliamka nina kiu.

Nyumbani nilimweleza mume wangu, Luqman, ambaye anauza vifuniko vya simu Mayfair karibu na msikiti na hakuna jambo asilolijua. Akaniambia usihangaike, hawk ni mwewe, sisi tunaitwa mwewe kwa sababu tunamrukia mteja. Nililipenda hilo. Kesho yake nikisinzia niliona mwewe wengi juu ya La Rochelle, wametanda wametulia, kila mmoja na jozi ya soksi mdomoni, na hakuna mteja aliyewaogopa. Watu waliinua mikono tu, wakachagua rangi. Lakini nilipomwambia Oka akatikisa kichwa. Alishalisoma hilo. Mwewe ni neno jingine, limefanana tu.

"Kama kaa la moto na kaa wa pwani," nikasema.

"Kaa ni nini?"

"Na kaa kitako," nikaongeza, nikachoka kueleza.

Siku nyingine akataka kujua sisi kwetu twaitwaje. Nikamwambia Unguja mtu kama mimi ni mchuuzi.

"Mchuzi? Ya samaki?"

"Mchuuzi! Vuta hiyo u. Ukiikata umenipika."

Alicheka, cheko lake la kwanza tangu siku ile, nami nikaona njia imefunguka. Nikamwambia Dar es Salaam wanaitwa wamachinga. Wengine husema jina lilianza kwa watu waliotoka kusini, Wamachinga hasa, wakaja mjini na bidhaa mabegani, na sasa hata Mchaga akiuza soksi huitwa mmachinga na haoni tabu. "Jina ni nguo," nikamwambia. "Na mimi je? Unajua Duni maana yake?"

"No."

"Dhaifu. Hafifu. Kitu cha chini kisicho na thamani. Mama alizaa watatu kabla yangu, wakafa wote wachanga. Nilipozaliwa wakaniita Duni ili mauti yakipita yaulize, huyu nani? Yaambiwe, si kitu huyo, duni tu. Yaende zake. Nami niko hapa nawauzia watu soksi, na nina jino moja tu bovu."

Nilidhani nimemaliza kazi. Nilijisikia mtu mkubwa kabisa. Oka aliizungusha simu mkononi, akaniangalia kwa adabu.

"Lakini mama yako alijua maana. Alichagua. Mama yangu alidanganywa na sikio."

Loo, mtoto huyu!

Mwisho akalifikia chimbuko lenyewe, au pale chimbuko linapozama. Alisoma kwa sauti, akatafsiri kwa shida, na Célestine alikuwepo, anachambua majani mgongo umetugeukia. Neno lilitoka kwa Wajerumani na Waholanzi wa zamani, likaingia Kiingereza yapata karne tano zilizopita. Wengine hudhani mzizi wake ni kuchuchumaa. Wengine husema ni kuinama, mtu aliyepinda mgongo kwa mzigo aliobeba. Wenyewe wataalamu hawana hakika.

"Kuinama na muzigo," Célestine alisema bila kugeuka. "Ile ni kweli."

Hayo ndiyo tu aliyosema. Akaendelea na majani.

Nikaanza kugundua kitu. Célestine alikuwa hamwiti mwanawe. Zamani alimwita kutwa: Oka lete maji, Oka funga mlango, Oka! kutoka upande huu wa barabara hadi ule, magari yakipita katikati. Sasa alisema "weye." Alisema "mutoto." Akitaka kumpa kitu alimgusa bega. Jina lilikuwa limemkwama, kulitoa hawezi na kulimeza hawezi, na msichana alikuwa anazunguka pale karibu yake bila kuitwa chochote.

Agosti ikaja na upepo wake, vumbi la njano la machimbo ya zamani likawa linatua juu ya kofia zangu. Asubuhi moja nilikuwa nimesinzia. Nikasikia mtu ananong'ona jina, mara nyingi, mara nyingi, na katika usingizi wangu nikaona mwanamke anabembeleza mlango ufunguke. Kufumbua macho ni Célestine, peke yake na ndakala zake.

"Kilowé," alikuwa anasema. "Kiloé. Klo-é." Aliniona. "Duni, sikiliza. Iko muzuri?"

"Unafanya nini wewe?"

"Najifunza. Ku kanisa yetu, mutoto anasimama ku upande moja ya maji, mama ku upande ingine. Mama njo anaita. Mutoto anafuata sauti, pasta anamukuta katikati, anamuzamisha. Siwezi kukosea mbele ya bantu. Klo-é. Iko muzuri?"

Nilikasirika mpaka kofia zikaniponyoka. Nikamwambia usilitamke hilo, wewe ndiye mama, jina umelitoa wewe siku uliyokufa na kufufuka, kwa nini ulitupe sasa kwa sababu ya simu ya mtoto? Aliniacha niseme. Kisha akashika mkono wangu ule anaonifinya kila siku, safari hii hakunifinya.

"Mi nina ile siku tu, Duni," alisema. "Mu hii inchi yote, siku yenye bantu balinibeba ni ile moja. Oka njo jina ya ile siku. Lakini si jina ya siku yake, ni ya yangu. Yeye anataka ingine. Nitabeba." Akanikazia macho. "Na usimwambie kama najifunza. Niapie."

Niliapa. Niliumia, nasema wazi, niliumia kuliko nilivyopata kuumia kwa jambo lisilo langu. Asubuhi zote zilizofuata alikuwa pale na Klo-é yake, akipima ndakala Klo-é, akirudisha chenji Klo-é, mpaka wateja wakadhani ndiyo bei mpya ya kitu.

Jumapili ya ubatizo ilikuwa Septemba, jua kali na upepo baridi ndani yake. Kanisa lao zamani lilikuwa gereji, na uani waliweka bwawa la plastiki la buluu, refu, maji kifuani. Mimi ni Mwislamu, sikuingia. Nilisimama langoni na ushungi wangu, nikaambiwa karibu mama, nikasema hapa hapa panatosha, na toka pale niliona kila kitu. Kuimba kwao kulipanda na kushuka, mwanga ukitoka majini ukacheza juu ya ukuta, na nilihisi usingizi wangu ule unakuja nimesimama. Nikajifinya mwenyewe.

Wakaingia wengine, wakaitwa, wakatembea, wakazamishwa, wakatoka wanatetemeka na majina yao, mapya na ya zamani. Ikafika zamu yake. Alishuka ngazi na kanzu nyeupe, akasimama mwisho wa bwawa. Célestine akaenda mwisho wa pili. Alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Pasta Théodore, majini katikati, akamwashiria: mama, mwite.

"Chloé," alisema Célestine.

Alilisema vizuri mno. Hata Paris wasingelisema vile. Nilifumba macho.

Nilipofumbua, msichana alikuwa hajasogea. Alikuwa anamtazama mama yake. Watu walidhani baridi imemshika. Pasta akamtia moyo kwa mkono, njoo binti, na Célestine akaita tena, kwa nguvu kidogo, herufi zote mahali pake. Chloé. Miguu haikwenda. Baadaye aliniambia, Auntie, nilisikia, lakini sikujua anaita nani.

"Mama," alisema kutoka kule. "Umesema vizuri."

"Nilijifunza."

"Lini?"

"Asubuhi. Ukiwa ku masomo."

"Kila asubuhi?"

Célestine akainamisha kichwa, kukubali. Wimbo ukafia midomoni mwa watu. Msichana alikuwa analia sasa, amejikumbatia, kanzu inaelea kumzunguka.

"Niite, Mama."

"Nakuita, mwanangu. Chloé."

"Hapana. Niite."

Célestine akaziba mdomo kwa mkono. Niliona mabega yake yanapanda na kushuka. Alimtazama pasta, akatazama watu, akainama kidogo kama anayetafuta kitu alichokiangusha majini. Nilitaka kupiga kelele mimi, kwa dini zote mbili, sema mwanamke, sema! Kisha akautoa ule mkono.

"Oka!"

Ilikuwa ni ile ya barabarani, ya kuvuka magari, haina h wala haina haya. Msichana akatembea. Alikuja haraka, maji yakimpisha, mpaka pasta akalazimika kumshika bega asipitilize.

Pasta Théodore alikuwa ameshajiandaa kwa Chloé. Akauliza kwa upole, binti, jina gani basi, na asili yake nini, maana wenzako wote wamesema.

"Oka," alisema, meno yanagongana. "Ni neno watu walisema wakimbeba mama yangu, siku nilizaliwa. Hawakujua jina yake." Akavuta pumzi, akageuza uso kwenye viti vya mbele walipokaa wazee wa kanisa, halafu kwa watu wote, hadi langoni kwangu. "Anaitwa Célestine."

Pasta akamzamisha. Na kabla hajamwinua sawasawa Célestine alishaingia majini na kitenge chake kipya, viatu miguuni, anakwenda kumpokea.